STAA WA CHUGA NA MASHINE ISIYO NA KIBODI: KIKI IMEBUMA, VIBANDA VIACHWE!

Kama kuna mtu Arusha hajaiona ile klipu, basi simu yake ilikuwa kwa fundi wiki nzima. Staa mmoja wa mitandaoni, jina kapuni, kakaa kwenye sofa nyeupe sebuleni kwake Njiro. Dirishani nyuma yake Mlima Meru unaonekana vizuri kabisa, na mezani kaweka boksi la rangi ya maziwa lililoandikwa Commodore 64 Games System. Taa za rangi zinawaka, muziki unapiga taratibu, na jamaa anaongea kwa ile sauti yake ya chini kama anatangaza msiba wa mtu tajiri.

Ndani ya dakika tatu alisema mambo manne. La kwanza, kwamba hiyo ni mashine ya gemu adimu kupita zote, na kaitoa Ulaya kwa pesa ya kununulia bodaboda mpya. La pili, kwamba "utoto wangu wote wa Arusha umo humu ndani". La tatu, kwamba kila wikiendi anaicheza Terminator 2 kwenye mashine hiyo na kuimaliza. La nne ndilo baya: kwamba vibanda vya gemu vya Ngarenaro na Unga Limited ni vijiwe vya wahuni, vifungwe, na anayetaka gemu za kistaarabu asubiri launji yake inayokuja, shilingi elfu ishirini kwa saa.

Watu wakamwaga mioyo na mioto. "Levo nyingine." "Chuga tunawakilishwa." "Tajiri mtoto." Katikati ya sifa hizo, chalii mmoja mwenye kibanda Ngarenaro akaandika kwa adabu zote: "Kaka heshima kwako. Naomba kuuliza, kwenye hiyo Terminator unabonyeza nini ili gemu lianze? Maana hiyo mashine haina kibodi."

Dakika kumi hazikupita, chalii akala bloku. Ila skrinishoti ilishapigwa na ikaanza kutembea kwenye magrupu.

Swali la chalii lilikuwa dogo, lakini limebeba kila kitu. Anayelielewa anaielewa mashine yenyewe, anaelewa kwa nini ni adimu, na anaelewa kwa nini yale maneno kuhusu vibanda hayapaswi kupita hivihivi.

HIYO MASHINE NI NINI HASA?

Mwaka 1982 kampuni ya Commodore ya Marekani ilitoa kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Commodore 64. Iliitwa 64 kwa sababu ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Picha moja ya leo ya simu inaizidi hiyo mara nyingi sana. Ilianza kuuzwa dola 595 na bei ikawa inashuka kila mwaka. Umbo lake lilikuwa kibodi nene tu. Unaichomeka kwenye televisheni, unawasha, na skrini ya bluu inakuandikia neno moja kukuambia iko tayari, halafu kialama kidogo kinawakawaka kikisubiri uandike. Kucheza gemu mara nyingi ilikubidi kwanza uandike amri. Mtoto wa miaka minane alikuwa anaiamrisha kompyuta kabla hajacheza. Ziliuzwa zaidi ya milioni 12 duniani, na mpaka leo hutajwa kama kompyuta ya modeli moja iliyouzwa kuliko zote.

Miaka minane baadaye, 1990, Commodore ikaona Nintendo na Sega wanapiga pesa kwa mashine za gemu tupu. Ikapata wazo la mkato: ikachukua kompyuta ileile, mashine ileile ya ndani, ikaondoa kibodi, ikaweka tundu la kuchomekea katriji juu yake, yale makaseti manene kama ya Tivii Gemu, ikabadilisha boksi na kuiita Games System. Bei Uingereza ilikuwa pauni 99.99. Ndani ya boksi kulikuwa na katriji moja yenye gemu nne: Fiendish Freddy's Big Top o' Fun, International Soccer, Flimbo's Quest na Klax. Ndiyo hiyo iliyo mezani Njiro.

Watu wa Ulaya hawakuwa wajinga. Aliyekuwa na Commodore 64 ya kawaida aliweza kucheza gemu hizohizo, tena akawa na maelfu ya gemu nyingine za kwenye kanda na diski zilizouzwa bei chee, na juu yake ana kibodi ya kuandikia programu zake. Sasa kwa nini anunue kitu kilekile kilichopunguzwa, halafu kila gemu moja la katriji alilipie bei ya gemu kadhaa za kanda? Mashine ikadoda madukani. Mwaka huohuo kampuni nyingine ya Uingereza, Amstrad, ilifanya mchezo uleule: ikaigeuza kompyuta yake ya nyumbani kuwa mashine ya gemu iliyoitwa GX4000. Nayo ikazama.

Kwa hiyo hapo ndipo uadimu unapotoka. Hiyo mashine si adimu kama tanzanite, ambayo inapatikana Mererani tu na hakuna pengine duniani. Ni adimu kwa sababu watu waliitazama, wakaielewa, wakaikataa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo ilitembezwa wee, hakuna aliyeitaka, na miaka mingi baadaye imefika Njiro inaitwa levo nyingine.

Mtu kukusanya vitu vya zamani si kosa. Wapo wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya sahani za santuri za muziki wa dansi, na wanajua historia ya kila kimoja. Mkusanyaji wa kweli angeishika hiyo mashine na kusema, "Oneni kampuni kubwa ilivyokosea." Hiyo ingekuwa klipu tamu na watu wangejifunza kitu. Huyu kaishika kosa kasema ni taji.

UTOTO GANI HUO?

Sasa lije lile la "utoto wangu wa Arusha umo humu". Hapa ndipo hata mashabiki wake wa damu wanatakiwa kutulia kidogo.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na seti za televisheni. Wakubwa nyumbani wanalikumbuka hilo, waulizwe. Marufuku ilikuja kulegea biashara zilipofunguliwa, lakini miaka ile yote ya 80, wakati watoto wa Uingereza na Ujerumani wanaandika amri kwenye skrini ya bluu, mtoto wa Kaloleni kompyuta alikuwa haijui hata kwa picha. Televisheni nayo ilikuwa kitu cha nyumba za kuhesabu, za watu wenye seti na deki za kuonyeshea kanda za video. Zanzibar walikuwa na kituo chao tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, ila Bara watu walisubiri mpaka ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994.

Mwaka huohuo wa 1994, mwezi wa nne, Commodore ilifilisika na kufunga biashara.

Yaani mwaka ambao Bara inaanza kupata televisheni yake ya nyumbani, kampuni iliyotengeneza hiyo mashine inaingia kaburini. Na hiyo mashine bila televisheni ni tofali. Staa mwenyewe, kama ile keki ya bethidei ya mwaka juzi ilisema kweli, alizaliwa wakati Commodore iko mahututi au imeshazikwa. Utoto wake umo ndani ya kitu ambacho kilikufa kabla hajaota meno?

Utoto wa watoto wa Arusha wa umri wake unajulikana vizuri. Ulikuwa Tivii Gemu la Kichina, kopi ya Nintendo, limenunuliwa Soko Kuu au dukani pale Sokoine Road, na katriji la njano linalodai lina gemu elfu tisa wakati ni gemu kumi na moja zinazojirudia. Ulikuwa kupuliza katriji kwa mdomo ili likubali kusoma. Ulikuwa bunduki ya plastiki ya kupigia bata, na mama anakuja kuchomoa waya kwa sababu ni saa ya taarifa ya habari. Baadaye zikaja PlayStation, na hapo ndipo vibanda vikazaliwa, maana nyumba nyingi hazikuwa na uwezo wa kununua, lakini mtoto alikuwa na uwezo wa kupata mia mbili.

Huo ndio utoto wa Chuga na hauna aibu yoyote. Aibu ni kuuficha na kuazima utoto wa mtoto wa London ili uonekane ulikua vizuri. Mji huu umejijengea heshima kwa kutumia cha kwake. X Plastaz walichukua sauti za kuimba za Kimaasai wakazipiga juu ya hip hop, na dunia ikawaita kwenye majukwaa. Hawakuigiza kwamba wamekulia Brooklyn.

TERMINATOR NA SWALI LA CHALII

Turudi kwenye swali, maana wengi waliolisoma kwenye skrinishoti walidhani chalii anatafuta ubaya.

Commodore ilitoa katriji la Terminator 2 kwa ajili ya mashine hiyo. Sasa kilichotokea ni kichekesho ambacho kila anayeijua mashine hiyo anakijua. Gemu lile ndani yake lilibaki kama lilivyokuwa kwa ajili ya kompyuta yenye kibodi. Ukilichomeka, linakutaka ubonyeze kitufe cha kibodi ndipo uingie kuchezea. Na mashine haina kibodi! Haina pa kubonyeza. Unabaki unaangalia skrini, skrini inakuangalia wewe. Kampuni ikauza gemu ambalo kwenye mashine yake yenyewe halichezeki.

Na staa anasema analimaliza kila wikiendi.

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ya huyu haikufika hata Mnara wa Saa. Chalii wa Ngarenaro hajawahi kuigusa mashine hiyo maishani mwake, lakini amesoma, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa bando la usiku. Mwenye mashine mezani hajaisoma. Kuna uwezekano mkubwa hata haijawahi kuchomekwa, maana kwenye klipu nzima hakuna waya hata mmoja unaoonekana ukitoka nyuma yake.

Zipo sauti zinazosema "waacheni watu watafute maisha, kiki ni kazi." Sawa. Kama angeishia kudanganya kuhusu Terminator, ingekuwa stori ya kucheka na kupita. Watu wangemuita Arnold wiki moja, basi. Tatizo ni lile jambo la nne. Alitumia kitu asichokijua kuwakanyaga watu wanaokijua. Na maneno ya mtu mwenye wafuasi wengi huwa hayaishii mtandaoni.

Siku tatu baada ya klipu, wazazi wawili walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa wakiwa na simu mkononi, wakamwonyesha. "Mwenyekiti, hata yule kijana maarufu kasema." Chalii akaitwa, akaambiwa afunge kibanda mpaka kikao cha mtaa kikae. Sasa hivi kufuli liko mlangoni. Kodi ya fremu inahesabu, na mkopo wa televisheni mbili alizochukua kikundi unahesabu.

KIBODI NDIYO ILIYOKUWA MALI

Hapa ndipo watu wengi wanapitiwa. Wanadhani ugomvi ni kati ya gemu la kitajiri na gemu la kimaskini. Hapana. Ugomvi ni kati ya mashine unayoweza kuiamrisha na mashine inayokuamrisha.

Linus Torvalds, yule wa Linux, alianzia kwenye kompyuta ya Commodore VIC-20, dada mkubwa wa hiyo Commodore 64. Ilikuwa ya babu yake huko Helsinki, Finland, na yeye alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na moja. Hakupewa mashine ya kuchezea tu. Alipewa kibodi. Alipokua akaandika Linux, na Android iliyoko kwenye simu nyingi zinazosomewa posti hii imejengwa juu ya Linux. Kwa hiyo hata lile bloku alilopigwa chalii limepita juu ya kazi ya mtoto aliyepewa kibodi na babu yake.

Kibodi ikiondoka, hasara haionekani siku ileile. Inaonekana miaka mingi baadaye. Waingereza wenyewe walikuja kushtuka. Mtu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Eben Upton, aliona vijana wanaoomba kusoma kompyuta wanakuja bila kujua kuandika programu kama wale waliowatangulia. Wale wa zamani walikua na kompyuta za nyumbani zenye kibodi, hawa wamekua na mashine za gemu ambazo huwezi kuziandikia kitu. Ndipo wenzake na yeye wakatengeneza Raspberry Pi, kikompyuta cha bei ndogo kilichoanza kuuzwa mwaka 2012, ili mtoto apate tena kitu cha kuchokonoa. Miaka minane baadaye wakatoa moja iliyofichwa ndani ya kibodi, umbo lilelile la Commodore 64. Yaani walizunguka wee wakarudi kulekule walikotoka.

Na kama Ulaya ni mbali, kuna mfano wa jirani. Lual Mayen ni mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza kwenye uandikishaji wa wakimbizi, akamwambia mama yake anaitaka. Mama akajibana miaka mitatu akakusanya dola 300, akamnunulia laptopu. Kijana alikuwa anatembea kama saa tatu kwenda kuichaji. Humo ndimo alipojifunza peke yake kutengeneza gemu, akatengeneza gemu la amani linaloitwa Salaam, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye jukwaa la tuzo kubwa za gemu duniani kule Marekani. Yule mama hakununua kitu adimu, alinunua kompyuta ya kawaida kabisa, ila ilikuwa na kibodi.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kila gemu linalochezwa kuna mtu mahali alikaa akaliandika herufi kwa herufi. Swali la mji huu ni moja tu: watoto wa Chuga watakuwa wanaunda, au watakuwa wanalipia elfu ishirini kwa saa kuangalia vilivyoundwa na kutupwa na wengine?

VIBANDA NAVYO

Ukweli usemwe wote. Vibanda vina makosa. Vipo vinavyopokea mtoto na sare ya shule saa tano asubuhi. Vipo ambako mechi moja ya FIFA inachezwa kwa dau la elfu mbili na mpambe anashika pesa. Vipo vyenye matusi mpaka mzazi akipita anaziba masikio. Mzazi anayelalamika ana haki yake, na kikao cha mtaa kina haki ya kuweka sheria.

Lakini kile kibanda kilichofungwa kina kibao mlangoni: SARE YA SHULE MARUFUKU, KABLA YA SAA KUMI HAKUNA MTOTO. Ndani kuna televisheni nne na PS2 mbili na PS3 mbili. Na pembeni, nyuma ya pazia la khanga, kuna kompyuta ya mezani ya mtumba, kibodi yake herufi zimefutika mpaka herufi A imeandikwa upya kwa rangi ya kucha.

Hiyo kompyuta ndiyo roho ya kibanda. Chalii anaitumia kuingiza gemu kwenye flashi, maana mikono ya diski za PS2 imechoka siku nyingi. Lakini jioni watoto wanajazana hapo bila kulipa chochote. Wanafungua mafaili ya gemu la mpira, wanabadilisha jezi, wanaweka Simba, wanaweka Yanga, wanabishana nani apewe kasi ngapi. Hakuna kampuni ya Japani iliyokaa ikafikiria kumwekea mtoto wa Sombetini timu yake. Aliyeiweka ni kijana wa Kibongo mwenye kibodi mahali fulani. Kuna binti wa kidato cha pili anayekuja Jumamosi na kaka yake kutoka Ilboru. Alianza kwa kubadilisha jina la timu moja liwe Ngarenaro. Mwezi uliopita alikuwa anauliza hizo namba zinazoendesha kasi ya mchezaji zinatoka wapi.

Hilo swali la "zinatoka wapi" ndilo lililofungiwa kufuli.

Wakati huohuo, hatua mia moja kutoka hapo, kuna dubwi. Wote wanalijua: lile limashine la kamari lenye taa, unaingiza sarafu, unabonyeza kitufe, unaomba Mungu. Halina cha kuandika, halina cha kubadilisha, halina hata cha kufikiria. Ni mashine iliyoondolewa kila kitu kikabaki kitufe na tundu la kuingizia pesa. Hakuna staa aliyekaa kwenye sofa nyeupe akasema dubwi lifungwe. Kibanda chenye kompyuta ndicho kijiwe cha wahuni!

KWA HIYO STAA AFANYE NINI?

Kwanza awashe mashine. Laivu, bila kukata, waya uonekane. Achomeke Terminator 2 kisha aonyeshe kidole chake kinabonyeza wapi. Akiweza, Chuga nzima imuombe radhi na chalii apige magoti. Asipoweza, afute ile posti na aseme neno moja dogo tu: samahani.

Pili, apige hesabu. Kama kweli hiyo mashine kaipata kwa pesa ya bodaboda mpya, basi kwa pesa hiyohiyo angepata kompyuta za mezani za mtumba kadhaa hapahapa mjini, na ikabaki chenji ya kulipia umeme. Apeleke mbili Ngarenaro, mbili Unga Limited, mbili Moshono. Abandike jina lake ubavuni kwa stika kubwa, hakuna atakayemkataza. Akapige na klipu, watu wataipenda kweli, na hiyo kiki haitabuma kwa sababu itakuwa na kitu ndani.

Tatu, ile launji aifungue. Biashara ni biashara, na wenye elfu ishirini zao wana haki ya kukaa kwenye viti laini. Lakini asiijenge kwa kubomoa kibanda cha mtu anayeuza muda wa gemu kwa mia tano. Mji huu una nafasi ya vyote viwili. Una Chuo cha Ufundi, una Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru wanakosomea watu shahada za juu za sayansi, na katikati ya mtoto wa Ngarenaro na milango ile lazima pawe na mahali pa kuanzia. Kwa wengi mahali hapo si maabara ya shule, maana kuna shule kompyuta zipo lakini zimefunikwa kitambaa na funguo anayo mwalimu aliyehama. Mahali hapo ni nyuma ya pazia la khanga.

Mwaka 1974 watoto wa nchi hii walizuiwa kompyuta kwa amri ya Serikali, na ilichukua miaka mingi kulifidia hilo pengo. Itakuwa ajabu safari hii wazuiwe na klipu ya dakika tatu ya mtu ambaye hajui hata mashine yake inawashwaje.

Kikao cha mtaa ni Jumamosi saa nne asubuhi. Wazazi watakuwepo, mwenyekiti atakuwepo, chalii atakuwepo na daftari lake la mahesabu ya kodi. Yule binti wa Ilboru kasema atakuja, tena na mama yake. Wanaojua thamani ya kile kibanda wasibaki kuandika "dah" kwenye simu. Waende wakaseme mbele za watu.

Na staa akija, akaribishwe vizuri, apewe kiti cha mbele. Aje na mashine yake. Umeme upo.

Wadau, uwanja ni wenu hapo chini. Matusi hapana, majina hapana, hoja tu.